Swali Lililoulizwa Mara Moja

Lidewij Bosman alifinywa na mama yake chini ya meza akiwa na miaka mitano, na mpaka leo hajausahau mfinyo ule. Walikuwa wamekwenda kwa jirani, jirani akamuuliza mtoto kama angependa kipande cha mkate wa zabibu, na mtoto, kwa kuwa alikuwa na njaa, akajibu ndiyo. Njiani kurudi mama akamfundisha sheria. Wakikuuliza mara ya kwanza, unasema hapana, msijisumbue. Wakikuuliza mara ya pili, unasema hapana, nimeshiba. Wakikuuliza mara ya tatu ndipo unasema lililo moyoni mwako.

"Na wakiniuliza mara moja tu?" mtoto akauliza.

"Basi hawakutaka kukupa," mama akasema. "Nawe umeshajua."

Ndivyo walivyo watu wa Achterhoek, mashariki ya Uholanzi, kule ambako mashamba ya mahindi yanapakana na Ujerumani. Wenzao wa magharibi husema lao papo kwa papo na kujisifu kwa hilo. Hawa wa mashariki hukuzungusha kwanza, na asiyejua kuzunguka nao atarudi kwake na njaa.

Sasa Lidewij alikuwa na miaka hamsini na mmoja na alikuwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Kazi yake ilikuwa kuketi kwenye meza za jikoni za watu. Siku hizi manispaa haimpi mtu msaada kabla haijauliza kwanza: nani wa karibu nawe angeweza kukufanyia jambo hili? Ofisini waliuita mpango huo nguvu ya jamii. Lidewij aliuamini, na tumtendee haki, hakuuamini kwa kuambiwa. Mama yake alipolazwa miezi minne, majirani ndio waliokamua ng'ombe wao, wakafua nguo zao, wakampeleka yeye shule kwa baiskeli. Hakuna aliyeandika jambo hilo popote, wala hakuna aliyelitaja tena mama aliporudi.

Mwezi wa kumi na moja alitumwa kwa Bi Aleida Wissink. Huyu alikuwa mjane wa miaka themanini na minne, anaishi peke yake katika nyumba ya matofali mekundu mwishoni kabisa mwa barabara, na mwanawe wa pekee yuko Kanada. Kila asubuhi saa mbili alikuwa akijiwa na mhudumu wa nyumbani aitwaye Fenna, anamwosha mgongo, anampangia vidonge, na anamvalisha zile soksi ndefu za kubana ambazo bila hizo miguu yake huvimba ikawa kama magogo. Swali la manispaa lilikuwa moja: je, Fenna aendelee kuja?

Bi Aleida alifungua mlango wa nyuma akiwa ameegemea kigari chake cha kutembelea.

"Wewe wa nani?" akauliza. Huko hawaanzi kwa jina. Wanaanza kwa kutaka kujua umetoka mlango gani.

"Wa Herman Bosman, wa kiwanda cha maziwa."

"Herman! Yule aliyecheza dansi harusini kwangu akamkanyaga kasisi?" Bi Aleida akacheka mpaka kigari kikatikisika. "Ingia, mwanangu, ingia. Kahawa?"

"Usijisumbue, Bi Aleida."

"Ipo tayari."

"Hapana, kwa kweli, nimetoka kunywa sasa hivi."

"Sasa birika lote hili ninywe peke yangu nipasuke? Utakuja kunizoa wewe?"

"Basi nusu kikombe," Lidewij akasema. Akapata kikombe kizima na kipande cha keki, kama ilivyopaswa, na wote wawili wakaridhika.

Akatoa karatasi yake. Ilikuwa imechorwa maduara matatu, moja ndani ya jingine, na katikati kulikuwa na nukta. Nukta ni wewe. Duara la kwanza ni wa karibu kabisa, la pili ni wa karibu kiasi, la tatu ni unaowajua tu. Bi Aleida aliitazama kwa muda kama mtu aliyeletewa ramani ya nyumba yake mwenyewe.

"Nani anakujia kichwani kwanza?"

"Derk. Nani mwingine?" Akaelekeza kidole dirishani, ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya shamba yenye zizi kubwa lililounganishwa nayo. "Derk Lammers ndiye jirani yangu wa kwanza."

Lidewij hakuhitaji kuelezwa zaidi. Jirani wa kwanza si yule umpendaye. Ni yule ambaye nyumba yake imewekwa karibu na yako na watu waliokufa zamani. Yeye ndiye anayeitwa kwanza mtu akizaliwa, na akifa mtu ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kutoa habari, na jeneza ni lake kulibeba. Hakumbuki mtu lini jirani wa kwanza alisema siwezi.

"Na mnaonana kila siku?"

"Hatuonani. Ananiangalia pazia." Bi Aleida akaeleza kwa haya kidogo. Kila asubuhi kabla ya saa mbili yeye hufungua pazia la jikoni. Derk akitoka zizini hutupa jicho. Likiwa wazi, anaendelea na shughuli zake. Likiwa limefungwa, atakuja. Miaka arobaini sasa, tangu mume wake Bi Aleida alipofariki. "Hatujawahi kulizungumza. Hata yeye hajui kwamba najua."

Moyo wa Lidewij ulijaa. Akaandika Derk ndani ya duara la kwanza, karibu kabisa na nukta. Kisha akaisoma ile sentensi iliyokuwa mwishoni mwa fomu, akiipunguza makali kwa sauti yake.

"Bi Aleida, kuhusu asubuhi. Je, unaona bado unamhitaji Fenna?"

Bi Aleida akaanza kukusanya makombo ya keki kwa ncha ya kidole. "Fenna ana wagonjwa wa kweli wa kuwahudumia," akasema. "Mimi sijambo. Ninajimudu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika hamsini. Saa tano Lidewij alikuwa na miadi kijiji cha pili. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha jibu, na jibu alikuwa ameshapewa. Akaandika: Anajimudu. Akaifunga kalamu.

Bi Aleida aliifuata kalamu kwa macho. Akaendelea kusubiri, kidole kikiwa bado juu ya makombo.

"Kuna kingine ulichotaka kuniuliza, mwanangu?"

"Hapana, Bi Aleida, tumemaliza. Asante kwa kahawa."

Siku ya pili yake akavuka barabara kwenda kwa Derk. Derk Lammers alikuwa na miaka sabini na sita, mrefu, mikono yake mipana imepasuka kwa baridi za miaka mingi. Ng'ombe alishawauza. Alikuwa amebaki na kuku kadhaa na mke wake Toos, ambaye alikaa kando ya jiko la kuni, amevaa aproni safi, anatabasamu.

"Wewe wa nani?" Toos akauliza.

"Wa Herman Bosman, wa kiwanda cha maziwa."

"Aa, Herman," Toos akasema kwa furaha.

Lidewij akaeleza shida yake. Asubuhi, saa mbili, dakika arobaini hivi. Mgongo, vidonge, soksi. Mwalimu atakuja kumwonyesha Derk namna ya kuzivalisha. Derk akasikiliza mikono ikiwa magotini.

"Saa mbili," akarudia. Akamtazama mke wake, kisha akatazama mlango. "Saa mbili kamili?"

"Ndiyo saa aliyozoea kuhudumiwa. Kuna shida?"

"Hapana, hapana."

"Wewe wa nani?" Toos akauliza tena.

"Wa Herman Bosman," Lidewij akajibu, akatabasamu, kwani bibi yake mwenyewe alikuwa na masikio mazito. Derk akainuka haraka akaongeza kuni motoni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. Juu kabisa ya mlango wa jikoni, mahali asipofikia mtu mfupi, palikuwa na komeo jipya linalong'aa. Lidewij aliliona. Akajisemea kwamba wezi sasa wamefika hata huku. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kuna kutazama na kuna kuona.

"Unaweka saini hapa, mzee Derk."

"Saini?" Derk akaishika karatasi kwa mbali. "Jirani anawekeana saini na jirani? Na nikitaka likizo mwezi wa saba, nakuandikia barua?"

"Ni utaratibu tu."

"Haya. Kama ni utaratibu." Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja. "Kahawa?" akauliza mara ya tatu, na Lidewij akakubali, na wakati akinywa Toos alimuuliza kwa mara nyingine ni wa nani, kwa furaha ileile.

Ofisini, bosi wake Ruben aliifurahia karatasi ya maduara matatu kuliko mtoto anavyofurahia pipi. Ruben alikuwa kijana wa magharibi, mtu mwema, mwenye haraka. "Unajua, kule kwetu mtu anafia ghorofani na jirani anagundua kwa harufu," alisema. "Nyinyi bado mnao ujirani. Huwezi kuununua huu." Akaikuza ile karatasi, akafuta majina ya ukoo, akaibandika ukutani karibu na mashine ya kahawa iwe mfano kwa wengine. Fenna akapelekwa kwa watu wengine. Lidewij alipita pale ukutani kila siku, na kila siku aliona fahari kidogo, kwa sababu ilikuwa kana kwamba mama yake mwenyewe amebandikwa pale.

Ulikuwa mwezi wa pili, siku ya Jumanne, mitaro imeganda na shamba limekuwa jeupe kwa barafu, simu yake ilipolia saa sita mchana.

"Huyu ni Aleida Wissink. Una gari?"

"Ninalo. Bi Aleida, kuna nini?"

"Njoo nalo. Lazima nipite nyumba kwa nyumba, na sina miguu."

Hakusema zaidi, na Lidewij hakuuliza, kwa sababu kuna sababu moja tu ya mtu kupita nyumba kwa nyumba. Alifikiri ni Derk, kwani Bi Aleida naye ndiye jirani wa kwanza wa Derk. Njia nzima aliendesha akimwomba Mungu asiwe Derk, naye alikuwa hajaomba tangu kipaimara.

Bi Aleida alikuwa jikoni, ameshavaa koti lake jeusi na kofia nyeusi. Chini ya koti, mguu wa kulia ulikuwa umevishwa soksi vizuri mpaka gotini. Soksi ya kushoto ilikuwa imeishia kwenye kifundo cha mguu, imejikunja, na juu yake nyama ilikuwa imevimba ikawa ya zambarau.

"Ni Toos," akasema.

Akasimulia kwa sentensi fupi fupi. Derk alikuja saa mbili kama kawaida. Kila siku alikuwa akimfungia Toos kwa lile komeo la juu, anavuka barabara, anafanya haraka, anarudi. Leo alisahau mlango wa zizi. Alikuwa amepiga magoti hapa, amemaliza soksi ya kwanza ameanza ya pili, akainua kichwa, na kupitia dirishani akaona mlango wa zizi uko wazi. "Hakusema kitu. Aliiacha soksi akakimbia. Kizee kile kilikimbia." Toos alikuwa ametoka na nguo ya kulalia na ndoo mkononi, kwenda kukamua ng'ombe waliouzwa miaka sita iliyopita. Walimkuta mtaroni nyuma ya shamba la mahindi. Barafu ilikuwa nyembamba pale.

Lidewij alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Tangu lini Toos..."

"Miaka miwili. Mtaa wote unajua. Hatulisemi, kwa sababu Derk hakutaka lisemwe."

"Sikujua."

"Haikuandikwa," Bi Aleida akasema. Haikuwa kejeli. Au kama ilikuwa, alikuwa amechoka mno kuipa makali. "Nivalishe hii. Siwezi kwenda kwa watu na mguu wazi, nimekwenda kuwatangazia msiba."

Lidewij akapiga magoti mahali pale pale alipokuwa Derk. Hakuwahi kuishika soksi ya namna hiyo, ingawa alikuwa ameandika habari zake mara mia. Ilikuwa ngumu kama mpira wa tairi. Aliivuta, ikakwama kisigino. Akaivuta tena, Bi Aleida akauma midomo. Jasho likamtoka na vidole vikamuuma, na alipoipandisha mpaka gotini dakika ishirini na tano zilikuwa zimekwisha. Kwenye fomu, soksi mbili zilikuwa zimepewa dakika kumi. Akabaki pale chini ameshika mguu wa mwanamke yule, akaanza kulia.

"Baadaye," Bi Aleida akamwambia. "Tuna nyumba nane."

Wakapita nyumba nane. Kila mahali Lidewij alimshika mkono mpaka mlangoni. Huwezi kupiga simu kwa jambo hili, huwezi kukaa, huwezi kunywa kitu. Bi Aleida alisimama wima kadiri alivyoweza, akatamka maneno yaleyale: "Nimetumwa kuwaambia kwamba Toos wa Derk amefariki leo, na Derk anawaomba mje." Mwanamume wa nyumba akavua kofia, mke akauliza siku ya mazishi, mlango ukafungwa taratibu. Hakuna aliyemuuliza Lidewij yeye ni wa nani. Walimwangalia tu, kisha wakamwangalia Bi Aleida, na Lidewij akajua kwamba nyumba zote nane zilishajua ni nani aliyemwekesha Derk saini.

Baada ya nyumba ya sita akaizima injini.

"Kwa nini hukuniambia, Bi Aleida? Siku ile. Nilikuuliza kama unamhitaji Fenna. Nilikuuliza waziwazi."

"Uliniuliza."

"Ukasema unajimudu!"

"Mara ya kwanza, ndiyo." Bibi yule aliiweka mikono yake yenye glavu juu ya mkoba. "Nilikuwa nangojea. Nilikusikia ukisema wewe ni wa Herman, nikajisemea, basi huyu anajua. Mama yako alikuwa akija kwetu, tulikuwa tukikataliana mpaka chai inapoa." Akatazama nje, kwenye mashamba meupe. "Ningekwambia mara ya tatu, mwanangu. Ningekwambia kwamba namhitaji, na ningekwambia kwamba Derk usimguse, ana mzigo wake. Lakini ulifunga kalamu. Mtu atajiombea vipi kalamu ikishafungwa?"

Lidewij hakuwa Ruben. Ruben angekuwa na kisingizio, angesema sikuzaliwa huku. Lidewij alifinywa chini ya meza ili asije akafanya kosa hili hili, na alilifanya mara mbili katika siku mbili, nyumba mbili zinazotazamana. Majuto ni mjukuu, husema watu. Wake alikuwa amekaa naye ndani ya gari, amevaa kofia nyeusi.

"Washa gari," Bi Aleida akasema. "Zimebaki mbili."

Majirani ndio waliolibeba jeneza, kama ilivyo desturi. Lidewij alisimama nyuma kabisa kanisani na hakwenda kwenye kahawa ya mazishi.

Manispaa ilichunguza. Watu wawili walikuja, wakasoma mafaili, wakamuuliza maswali kwa upole. Mhusika aliulizwa kama anahitaji msaada, akajibu hapana. Jirani aliulizwa kama kuna shida, akajibu hapana, na akaweka saini. Utaratibu ulifuatwa. "Huna kosa lolote, Lidewij," Ruben alimwambia, naye macho yalikuwa mekundu, kwani hakuwa mtu mbaya. "Soma mwenyewe. Hakuna hata mstari mmoja." Lidewij aliusoma uchunguzi wote. Ni kweli, hakukuwa na hata mstari mmoja, na hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi. Angekuwa na kosa la kwenye karatasi, wangemwadhibu kwa karatasi, likaisha. Aliiondoa ile picha ya maduara matatu karibu na mashine ya kahawa. Ukuta ulibaki na matundu manne madogo ya pini.

Fenna akarudishwa kwa Bi Aleida. Jambo hilo Lidewij alilipigania kwa siku tatu, na katika siku hizo tatu alipaza sauti ofisini kuliko alivyowahi kupaza katika miaka ishirini.

Mwezi wa nne, mashamba yalipokwisha kulimwa, alikwenda kwa Derk. Hakwenda na fomu. Aliliacha gari mbali, akatembea kwa miguu, akapita mlango wa nyuma kama mtu wa nyumbani.

Derk alikuwa mezani. Alikuwa amekonda. Komeo la juu lilikuwa bado liko mahali pake na bado linang'aa. Kwenye kiti cha kando ya jiko kulikuwa na aproni imekunjwa vizuri. Dirishani, ng'ambo ya barabara, pazia la Bi Aleida lilikuwa wazi, na Bi Aleida mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya kioo, ametazama huku. Siku hizi yeye ndiye anayemwangalia Derk pazia. Mara mbili pazia la Derk lilichelewa kufunguka, na mara mbili alivuka barabara na kigari chake, bila kuombwa na mtu.

"Kaa," Derk akasema.

Lidewij akakaa. Alikuwa ameyapanga maneno tangu nyumbani, lakini yalipotoka yalitoka ovyo. Alisema kwamba aliliona komeo lile siku ile. Alisema kwamba Toos alimuuliza mara tatu yeye ni wa nani, na mara zote tatu alijibu bila kusikia. Alisema kwamba alimuuliza Derk mara moja tu, na kwamba alijua, tangu akiwa mtoto alijua, kwamba mara moja si kuuliza. "Nimekuja kukuomba msamaha, mzee Derk. Si kwa niaba ya manispaa. Mimi."

Derk alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa magotini, kama alivyosikiliza siku ile ya kwanza.

"Hakuna neno," akasema. "Ulikuwa kazini."

Kuku walilia uani. Lidewij alijua hilo ndilo jibu la kwanza, na kwamba jibu la kwanza halina kitu ndani yake. Akajilazimisha.

"Derk, nakuomba. Utanisamehe?"

"Hakuna neno, nimesema. Maji yameshamwagika."

Ilibaki moja. Alifungua kinywa ili amuulize mara ya tatu, apate lile la kweli, liwe ndiyo au liwe hapana, walau liwe la kweli. Lakini Derk alikuwa ameshainuka. Alikwenda kwenye jiko, akaligusa birika la kahawa kwa kiganja, akasimama amempa mgongo.

"Kahawa?" akauliza.

Kwa kitambo kidogo Lidewij alijiona ni mtoto tena, mtoto aliyeruhusiwa kurudi ndani. Akajibu kama alivyolelewa, kwa adabu zote na kwa shukrani.

"Hapana, Derk. Usijisumbue."

Akangojea mara ya pili.

Derk aliliondoa birika kwenye jiko. Akatoka nalo mpaka kizingitini, akamwaga kahawa yote uani, akalisuuza kwenye bomba, akalifunika kifudifudi juu ya taulo. Kisha akarudi kukaa kwenye kiti chake na kutazama dirishani.

Lidewij alikaa dakika chache zaidi. Halafu akasema kwaheri, na Derk akaitikia kwaheri kwa upole, kama anavyoitikiwa mgeni yeyote wa mbali.